Mwezi wa Tatu Usilegee: Kijitabu kwa Familia Zinazouguza Kijana Mwenye Kifua Kikuu

Kijitabu hiki hakikuandikwa kwa sababu dawa zimepungua. Dawa zipo. Kimeandikwa kwa sababu ya malalamiko, na mengi yanatoka kwa ndugu wa mgonjwa kuliko kwa mgonjwa mwenyewe. Mama analalamika kwamba nesi amemrudisha kijana nyumbani akalete mtu wa kumsimamia, wakati kijana ana miaka 22, ana kadi ya mpiga kura na anajitegemea. Baba analalamika kuwa simu za kliniki haziishi: hata hajanawa uso, anaulizwa kama mtoto amemeza. Wengine wanauliza waziwazi, kama ugonjwa wenyewe unatibika, kelele zote hizi za nini?

Kelele ni za mwezi wa tatu.

Mwezi wa kwanza familia haihitaji kufundishwa. Kijana anakohoa usiku kucha, shuka limelowa jasho, suruali inafungwa kwa kamba. Shangazi anatoka Veyula na kuku wake mkononi, kaka anaacha kibarua ampakie mdogo wake kwenye bodaboda hadi kliniki. Hapo hatuna ugomvi na mtu. Ugomvi wetu unaanza kijana anapopata nafuu. Baada ya wiki chache za dawa homa inakata, hamu ya kula inarudi, uzito unapanda. Mwisho wa mwezi wa pili anapimwa makohozi tena, na kwa walio wengi majibu yanatoka safi. Vidonge navyo vinabadilishwa: alikuwa anameza mseto wa dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, sasa anapewa mseto wa dawa mbili za kwanza tu. Familia inapiga hesabu zake yenyewe. Majibu safi, dawa zimepunguzwa, mtoto kanenepa. Kapona.

Hajapona. Majibu safi maana yake ni kwamba vijidudu vimepungua kiasi cha kutoonekana kwenye darubini. Vilivyobaki vimejificha mapafuni, vimelala, na dawa inaviua polepole. Mkulima wa Dodoma anaijua hali hii bila kusubiri daktari: ukiberega shamba, majani yanakwanguliwa na udongo unaonekana mweupe, lakini mizizi iko chini inasubiri mvua. Miezi minne ya mwisho ni ya kuimaliza mizizi.

Tunasema hapa, na tutarudia mbele: matibabu ya kawaida ya TB ni miezi 6. Si miwili. Si "mpaka anenepe".

Msimamizi ni nani, na kwa nini hatuliachi hili

Mgonjwa ana haki ya kuchagua: aje kituoni ameze mbele ya mhudumu, au amezee nyumbani. Wengi wanachagua nyumbani, na tunawaelewa, maana nauli ya kila siku kutoka Msalato kwenda Dodoma mjini si mchezo. Lakini anayemezea nyumbani lazima awe na msimamizi, na msimamizi huyo anamchagua mgonjwa mwenyewe. Si lazima awe mama. Si lazima awe anayelipa kodi. Tumeona dada mdogo wa kidato cha pili akiifanya kazi hii vizuri kuliko baba mwenye sauti kubwa. Kwa anayeishi hosteli, matroni au mwenzake wa chumba anafaa. Kwa dereva wa bodaboda, hata rafiki wa kijiweni, ilimradi wawe wanaonana kila siku.

Kazi yenyewe ni fupi. Msimamizi anashika pakiti, anampa mgonjwa idadi ya vidonge aliyoandikiwa kwa uzito wake, anampa maji, anasubiri ameze, kisha anaweka alama kwenye kadi. Kusubiri ndiyo kazi. Kuuliza "umemeza?" kutoka chumba cha pili huku unakoroga uji si usimamizi. Wahudumu wetu wamekuta vidonge vya rangi ya damu ya mzee chini ya godoro na ndani ya viatu vya shule, kwenye nyumba ambazo kadi ilikuwa na alama za mwezi mzima.

Dawa zimezwe muda uleule kila siku, vyema asubuhi tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula. Zikimchefua sana, apewe uji kidogo kwanza. Ni heri ameze na uji kuliko asimeze kabisa. Akisahau asubuhi na akakumbuka jioni, ameze jioni. Ikishapita siku, asimeze dozi mbili kesho yake ili kufidia. Zikipita siku mbili au tatu, njooni kliniki na mseme ukweli. Hatutampiga mtu. Tunachokiogopa ni yule anayeona aibu, akakaa wiki, wiki ikawa mwezi. Akikosa dawa miezi 2 mfululizo, kwenye rejesta zetu anaandikwa amepotea, na tunaanza kumtafuta mtaa kwa mtaa. Simu mnazozilalamikia ni za kuzuia tusifike huko.

Wala msidhani utaratibu huu umeletwa juzi kutoka nje. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ni hapa Tanzania ambapo Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alifanya kazi na wataalamu wetu kujenga mfumo wa kupima makohozi, kumsimamia mgonjwa akimeza na kuandika kila jina kwenye rejesta hadi ijulikane limeishia wapi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza TB kuwa dharura ya dunia, na miaka hiyohiyo likauchukua mfumo uliotokana na kazi hiyo na kuusambaza nchi nyingine. Dunia imejifunza kwetu, na hilo tunalisema kwa kifua mbele. Ajabu ni kwamba bado tumo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na bado wapo wanaoacha njiani kile ambacho wengine walikuja kukiiga.

Kazi inapoita

Kijana wa miaka 20 na kitu hakai ndani. Pikipiki ya mkataba ina hesabu ya kila siku; asipoipeleka, mwenye pikipiki anampa mwingine. Kuna vibarua vya uwanja wa ndege wa kimataifa hapahapa Msalato, kuna mnada, kuna mashamba ya zabibu, kuna machimbo ya dhahabu huko mbali ambako rafiki amepiga simu kwamba mambo yamekaa vizuri. Na nyumbani, tuseme ukweli, wapo wanaomsukuma. Alilala miezi miwili akila bila kuleta, sasa ana nguvu, anakaa nini? Maneno hayo yanasemwa wakati wa chakula, kwa utani, na kijana anafunga begi.

Anaruhusiwa kusafiri. Hilo wengi hawalijui, ndiyo maana wanatoroka. Kabla hajaondoka afike kliniki anakochukulia dawa, aseme anakwenda wapi, apewe fomu ya uhamisho na dawa za kumfikisha. Akifika aende kituo cha huko na fomu na kadi yake, aendelee pale alipoishia. Asiondoke bila fomu. Asiseme "nitajieleza mbele kwa mbele". Mhudumu wa Chunya au Geita hamjui, hajui alianza lini wala anameza nini. Na msimamizi wa huko atafutwe kabla ya safari.

Anayebaki nyumbani apewe kazi nyepesi kwanza. Kubeba tofali mwezi wa tatu ni kumtafutia sababu ya kuchukia dawa, maana atachoka na atasema dawa ndizo zinazomchosha.

Kwa upande wa gharama: kipimo cha makohozi na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Vipimo vingine vinaweza kutozwa kulingana na kituo na bima aliyonayo mgonjwa; ulizeni dirishani kabla ya kulipa. Swali lolote, pigeni 199 ya Wizara ya Afya, haikati salio.

Njia za mkato

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini kupelekwa huko, na wapo waliofia kwenye foleni. Hatuko upande wa wanaodharau imani za watu. Mgonjwa aombewe, padri na shehe waje, bibi aje na maneno yake. Lakini anayesema "acha za hospitali, tumia hizi" anamuua kijana wenu, hata kama ni ndugu, hata kama hataki hela. Mizizi ya kienyeji tunaizuia kwa sababu ya pili pia: dawa za TB zinafanyiwa kazi na ini, na ini halihitaji mzigo mwingine. Kwa sababu hiyohiyo, choya, wanzuki na bia vikae pembeni miezi yote sita.

Mkojo wa rangi ya machungwa usiwatishe, ni rifampisini hiyo, na machozi na jasho navyo vinaweza kubadilika rangi. Macho yakiwa ya njano, akitapika bila kukoma, akianza kuona ukungu, akitokwa upele mwili mzima, apelekwe kliniki siku hiyohiyo. Ganzi au moto kwenye nyayo vinatibika kwa vitamini, mradi aseme. Na binti anayetumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango ajue kuwa rifampisini inapunguza nguvu ya njia hizo. Aulize njia nyingine. Mama, usipige kelele ukisikia swali hilo likiulizwa.

Hapo tuguse jambo linaloleta ugomvi mkubwa dirishani. Kila mgonjwa wa TB anashauriwa kupima VVU. Majibu ni ya kwake. Ukija kumuuliza nesi majibu ya mwanao wa miaka 22, hatakujibu, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 iko upande wa nesi. Usimsusie kijana kwa sababu hajakuambia. Kumsimamia ameze vidonge hakuhitaji kujua kila kitu chake.

Nyumba na sahani

TB inaenezwa kwa hewa. Haienezwi kwa sahani, kikombe, wala shuka. Bado tunakuta kijana ametengewa bakuli lenye alama ya rangi, anakula peke yake nyuma ya nyumba miezi minne baada ya kuanza dawa, wakati hatari ya kuambukiza inashuka sana baada ya wiki kama mbili hivi za dawa zinazofanya kazi. Aliyetengwa hivyo hamezi kwa moyo. Mwacheni ale mezani.

Hewa ndiyo ya kushughulikia. Tembe letu la asili ni zuri kwa baridi ya Julai, lakini lina giza na tundu dogo kwa dirisha. Wiki za mwanzo mgonjwa alale penye dirisha linalofunguka, au akae nje mchana. Watu wote wa nyumba hiyo wapimwe, na watoto wa chini ya miaka 5 wapelekwe hata kama hawakohoi, wana dawa yao ya kinga. Maziwa yachemshwe, kwa kuwa ng'ombe naye ana TB yake inayopita kwenye maziwa mabichi. Chakula si lazima kiwe cha hospitali: ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, choroko, dagaa, yai likipatikana. Atakula sana. Hilo nalo tumelalamikiwa, na hatuna msaada.

Anayeacha anarudi na nini

Anaweza kurudi na TB sugu, yaani vijidudu vilivyokwishazoea dawa. Matibabu yake nchini yalianza mwaka 2009 Hospitali ya Kibong'oto, Siha, mkoani Kilimanjaro, na kwa miaka mingi yalimaanisha karibu miaka miwili ya dawa, ikiwemo miezi ya sindano ambazo ziliwaacha baadhi ya watu viziwi. Siku hizi ni vidonge, na muda umefupishwa. Ni maendeleo makubwa, tunajivunia. Lakini dawa hizo ni kali zaidi na ghali zaidi kwa serikali, na mwenye TB sugu anaweza kumwambukiza mdogo wake TB iliyo sugu tangu siku ya kwanza, mtoto ambaye hajawahi kuruka hata dozi moja.

Kwa hiyo, kwa mara ya tatu: miezi 6. Makohozi yanapimwa mwisho wa mwezi wa 2, mwezi wa 5 na mwishoni. Anayekosa kipimo cha mwisho kwa kuwa "anajisikia vizuri" hawezi kuandikwa amepona.

Baadhi watamaliza dawa na bado wakahema wakipanda mlima, kwa sababu ugonjwa unaacha makovu mapafuni. Si lazima iwe TB imerudi, lakini kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe upya. Kadi ya matibabu msiitupe wala msimchanie mtoto achoree. Itakapohitajika, mhudumu ataanza kwa kuiuliza hiyo.