Bunduki za Upepo za Springi: Kuchagua Kaliba, Kulenga na Kukusanya

Bunduki ya upepo ya springi haina baruti wala mtungi wa gesi. Nguvu yake yote hutoka kwenye mkono wa mtu anayeikoki. Kwa zaidi ya karne moja sasa Wajerumani na Waingereza wamekuwa wakiitengeneza, wakiitumia kulenga shabaha na kuikusanya. Makala haya ni kwa msomaji aliyeko Ujerumani au Uingereza, au anayefikiria kujiunga na klabu ya kulenga shabaha, ambaye anataka kujua anunue ipi, ya kaliba gani, na aitunze vipi.

Tangu mwanzo lieleweke hili: kaliba haiongezi sana nguvu ya bunduki. Inaamua zaidi nguvu hiyo itumike vipi. Ukilishika hilo, mabishano mengi ya wauzaji hayatakuyumbisha.

Inavyofanya kazi

Ndani ya bunduki kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayosukumwa na springi nene. Ukikunja mtutu, au ukivuta wenzo ulio chini au ubavuni mwake, pistoni inarudi nyuma na springi inabanwa hadi inase. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiwa na pistoni inakimbia mbele. Hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla na kupata joto kali, kama inavyopata joto pampu ya baiskeli unapojaza tairi kwa haraka. Hewa hiyo hupita kwenye tundu dogo na kuisukuma peleti, yaani kidonge cha madini ya risasi, ipite kwenye mtutu.

Haya yote hutokea kwa muda mfupi sana, lakini pistoni huanza kwenda kabla peleti haijatoka. Kwa hiyo bunduki hupiga teke mara mbili: kwanza inarudi nyuma pistoni inapokimbia, kisha inaruka mbele pistoni inapofika mwisho. Peleti ingali ndani ya mtutu wakati bunduki imeshaanza kusogea. Hapo ndipo ugumu wa bunduki hii ulipo, na ndipo utamu wake ulipo.

Kaliba nne

Bunduki za springi zinazopatikana madukani huwa na moja ya kaliba nne: milimita 4.5 (inchi 0.177), milimita 5 (inchi 0.20), milimita 5.5 (inchi 0.22) na milimita 6.35 (inchi 0.25). Tuchukue bunduki nne zenye nguvu sawa ya joule 16, ambayo iko chini kidogo ya kikomo cha Uingereza, na kila moja iwe na peleti ya uzito wa kawaida kwa kaliba yake. Hesabu inatoa matokeo haya:

- Milimita 4.5, peleti ya gramu 0.55: mwendo wa mita 241 kwa sekunde.
- Milimita 5, peleti ya gramu 0.89: mita 190 kwa sekunde.
- Milimita 5.5, peleti ya gramu 1.03: mita 176 kwa sekunde.
- Milimita 6.35, peleti ya gramu 1.65: mita 139 kwa sekunde.

Mwendo ukipungua, peleti inakaa hewani muda mrefu zaidi na kushuka zaidi. Kwa umbali wa mita 30, hata bila kuhesabu upinzani wa hewa, ya kwanza hushuka karibu sentimita 8 kutoka mstari wa mtutu, ya pili 12, ya tatu 14, na ya nne karibu 23. Ukikosea kukadiria umbali kwa mita chache, mwenye milimita 4.5 huenda bado akagusa shabaha. Mwenye 6.35 atapiga chini au juu yake.

Ndiyo maana milimita 4.5 hutawala mashindano. Mchezo wa mita 10 wa Shirikisho la Kimataifa la Kulenga Shabaha, ulioingia Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles, hutumia kaliba hii peke yake, na alama kumi ya shabaha yake ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Siku hizi washindani hao hutumia bunduki za hewa iliyojazwa, lakini kaliba haijabadilika.

Milimita 5.5 ni kaliba ya shambani. Peleti yake ni nzito, hupoteza nguvu polepole zaidi njiani na kuigonga shabaha kwa kishindo. Pia ni kubwa kiasi cha kushikika vizuri kwa vidole vyenye baridi. Milimita 5 iko katikati. Huko Marekani ilipata wapenzi kupitia kampuni ya Beeman, lakini aina za peleti zake ni chache na mara nyingi bei yake ni kubwa. Milimita 6.35 inahitaji bunduki yenye nguvu. Ukiipachika kwenye bunduki dhaifu, peleti itakwenda kwa kujikokota na utatumia muda wako kukisia itaangukia wapi.

Jihadhari pia na matangazo yanayojisifia mwendo. Mara nyingi mwendo huo umepimwa kwa peleti nyepesi mno. Peleti inayokaribia au kupita mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, huyumba njiani. Kwa shabaha, mwendo wa wastani usiobadilika kutoka peleti moja hadi nyingine una thamani kuliko mwendo mkali.

Peleti ni nusu ya bunduki

Peleti ya kawaida ina kichwa, kiuno chembamba na sketi iliyo wazi nyuma. Hewa huitanua sketi hiyo ishike mifereji ya mtutu na kuzungushwa. Yenye kichwa bapa hukata tundu safi kwenye karatasi, na inafaa hadi mita 15 au 20. Zaidi ya hapo, yenye kichwa cha mviringo huendelea kunyooka.

Kila mtutu una peleti uipendayo, hata kwa bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja. Usinunue makopo kumi ya aina moja kwa kuwa rafiki amekusifia. Nunua aina nne au tano, piga makundi kadhaa ya peleti tano kwa kila aina kwa umbali ule ule, kisha pima kundi lilivyobanana. Angalia pia kipimo cha kichwa kilichoandikwa kwenye kopo: 4.50, 4.51 na 4.52 vinaweza kutoa matokeo tofauti kabisa.

Namna ya kuishika

Aliyezoea bunduki ya baruti huibana begani kwa nguvu. Bunduki ya springi haitaki hivyo. Iache ilale juu ya kiganja kilicho wazi, bila vidole kuikumbatia, na kitako kiguse bega kwa wepesi. Bunduki itaruka jinsi inavyotaka, na cha muhimu ni iruke vilevile kila mara. Usiiegemeze moja kwa moja juu ya meza au jiwe, kwani peleti zitakwenda kwingine. Baada ya kufyatua, endelea kulenga hadi utakapoona peleti imegonga wapi.

Ukitaka darubini, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za springi. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimeandaliwa kustahimili teke la nyuma tu, na lile teke la mbele huvunja vioo vyake vya ndani.

Usalama

Bunduki hii si kitu cha kuchezea. Peleti inaweza kupofua, imewahi kuua, na inaweza kusafiri mamia ya mita ikiachiwa juu. Fuata haya bila mjadala:

- Elekeza mtutu mahali salama wakati wote, hata ukiamini haina kitu.
- Vaa miwani ya kinga, wewe na kila aliye karibu.
- Weka nyuma ya shabaha kitu kinachonasa peleti, kama sanduku la chuma lililoundwa kwa kazi hiyo. Mawe, matairi na mbao ngumu huirudisha peleti kwako.
- Unapopakia, ushike mtutu au wenzo kwa mkono mmoja hadi utoe vidole. Ukiponyoka, unaweza kukata kidole.
- Usivute kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa. Utajifunga kwa nguvu na kupinda.
- Usifyatue bila peleti. Hewa isipokutana na kizuizi, pistoni hugonga mwisho wa silinda na kuharibu springi na sili, yaani kizibo kinachozuia hewa kuvuja.
- Nawa mikono baada ya kushika peleti, wala usizitie mdomoni. Madini ya risasi ni sumu.

Sheria

Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani joule 16 na kidogo, haihitaji cheti cha silaha. Hata hivyo mnunuzi lazima awe na miaka 18, na mfanyabiashara anayeuza lazima awe amesajiliwa na akukabidhi ana kwa ana. Peleti ikivuka mpaka wa eneo unaloruhusiwa kutumia, ni kosa. Ni kosa pia kuibeba hadharani bila sababu ya msingi, na unawajibika kuhakikisha watoto hawawezi kuifikia. Uskoti imekuwa ikidai cheti tangu 31 Desemba 2016. Ireland ya Kaskazini hudai cheti kwa yenye nguvu inayozidi joule 1. Ujerumani, mtu mzima hununua bila kibali bunduki isiyozidi joule 7.5, ikiwa na muhuri wa herufi F ndani ya pembetano.

Kwa walioko Afrika Mashariki, usidhani kwamba kisicho na baruti hakina sheria. Uliza polisi au mamlaka inayotoa leseni za silaha kabla ya kununua au kuingiza chochote kupitia forodha, na upate jibu kwa maandishi.

Kukusanya

Mkusanyaji mzuri huanza na swali, si na pesa. Wapo wanaofuata kiwanda kimoja. Mayer & Grammelspacher wa Rastatt, wenye chapa ya Diana, walianza mwaka 1890. Weihrauch ilianzishwa mwaka 1899 huko Thuringia, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaanza upya Mellrichstadt, Bavaria. BSA ya Birmingham ilianza kutengeneza bunduki za upepo za Lincoln Jeffries mwaka 1905.

Wengine hufuata ufundi. Feinwerkbau 300S huteleza juu ya reli inapofyatuliwa, hivyo anayelenga hasikii teke. Baadhi ya Diana za mashindano zina pistoni mbili zinazokimbia pande tofauti ili kufuta mtikisiko.

Njia inayofundisha zaidi ni kukusanya aina moja kwa kaliba tofauti. Weihrauch HW80 imetengenezwa kwa kaliba zote nne. Ukizipiga siku moja, kwenye shabaha moja, utaona kwa macho yako kile ambacho hesabu ya hapo juu inasema.

Majina huwachanganya wageni. Baada ya vita, mitambo na jina la Diana vilikwenda kwa kampuni ya Milbro ya Uskoti. Kwa hiyo kwa miaka mingi bunduki za Rastatt ziliuzwa Uingereza kwa jina la Original, na Diana iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Uingereza ni ya Milbro. Marekani, baadhi ya Diana ziliitwa Winchester, na HW80 ikaitwa Beeman R1. Soma maandishi yote kwenye chuma kabla ya kutaja bei. Diana nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa uliogongwa kwenye silinda.

Unaponunua iliyotumika, tikisa mtutu uone kama umelegea. Angalia kitako kama kina ufa shingoni au kwenye matundu ya skrubu. Skrubu zilizochubuka vichwa ni ushahidi kwamba mtu asiye fundi amewahi kuifungua. Weka kipande cha karatasi laini juu ya kiungo cha mtutu na silinda, kisha ufyatue ikiwa na peleti: karatasi ikiruka, sili inavuja. Hilo ni tatizo dogo, lakini lipunguze bei.

Matunzo

Usiimwagie mafuta ya kawaida ndani ya silinda. Joto la hewa iliyobanwa huyawasha, na mlipuko huo mdogo huharibu sili na kutupa peleti ovyo. Bunduki za zamani zenye sili ya ngozi huhitaji tone moja au mawili ya mafuta yanayofaa ngozi, na za kisasa hazihitaji chochote hapo kwa muda mrefu. Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, hasa ukiishi pwani, kwani jasho na chumvi hazichelewi kuleta kutu. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa. Usifungue springi bila kifaa cha kuibania, maana inaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Usipake rangi upya bunduki ya kale pia, kwa sababu mkusanyaji hulipia hali ya asili kuliko mng'ao mpya.

Kwa anayeanza, ushauri ni huu: nunua bunduki moja ya milimita 4.5 yenye nguvu ya wastani kutoka kiwanda chenye jina, jiunge na klabu iliyo karibu, na itumie mwaka mzima kabla ya kuongeza ya pili. Kaliba nyingine zitakungoja, lakini mkono usiozoea kushika bunduki ya springi hautasaidiwa na kaliba yoyote.