SOMO: BOLTI NDOGO INAYOILINDA MASHINE YA KUFYEKEA



Mashine ya kufyekea majani, ile inayofungwa nyuma ya trekta, ni mali ya wanachama wote. Ikiharibika wakati wa kusafisha mashamba ya mikorosho, korosho huangukia majanini na hasara humfikia kila mkulima. Somo hili lahusu kifaa kidogo kinachoilinda: bolti ya kukatika.

Shafti inayotoka kwenye trekta huzungusha giaboksi, na giaboksi huzungusha visu. Katika mashine nyingi nguvu hiyo hupitia bolti moja iliyofanywa laini makusudi. Visu vikigonga kisiki, bolti hukatika na giaboksi husalimika. Kukatika kwake si ubovu. Ndiyo kazi yake.

Katika chama kimoja nilichokikagua, dereva alichoshwa na bolti zilizokatika kila siku, akatia bolti ngumu. Hiyo haikukatika. Kisiki kilichofuata kilivunja meno ya giaboksi, na mashine ikalala msimu mzima. Nilipofungua daftari la stoo, sikuona bolti hata moja iliyonunuliwa. Basi kosa halikuwa la dereva peke yake.

Bolti zikikatika mara kwa mara, chunguzeni haya:

1. Je, visiki na mawe yalitafutwa na kuwekewa alama kabla ya kazi?

2. Je, dereva huunganisha shafti injini ikiwa na kasi? Aanze polepole, kisha aongeze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Nyingi huhitaji mizunguko 540 kwa dakika.

3. Je, visu ni butu, au trekta inakimbia mno katika majani mazito?

4. Je, mashine inatetemeka? Huenda kisu kimevunjika au kupinda. Visu vibadilishwe vyote pamoja, viwe na uzito sawa.

Kila asubuhi dereva apime oili ya giaboksi, atie grisi viungo vya shafti, akaze bolti za visu, na kuhakikisha kifuniko cha shafti kipo. Kabla ya kugusa chochote azime injini, atoe ufunguo, angoje visu visimame kabisa. Mtu yeyote asiingie chini ya mashine iliyoinuliwa bila kuegemezwa juu ya magogo imara.

Katibu naye ana wajibu wake. Aweke stoo bolti za aina iliyotajwa katika kitabu cha mashine. Atazame namba kichwani mwa bolti: yenye 10.9 ni ngumu kuliko yenye 8.8. Kila bolti itolewapo, aandike tarehe, shamba na sababu, ili kamati ione tatizo mapema.

Ndugu, bei ya bolti hulipwa na stoo. Bei ya giaboksi hulipwa kwa jasho la mwanachama.