Tusisubiri panga: somo la Shinyanga na Geita kwa kamati za parokia

Somo la robo hii ni zito na tumelichelewesha. Linahusu namna parokia, misikiti, vikundi vya akina mama na vyama vya wachimbaji wadogo wanavyoweza kushikana mikono, kuvuka mipaka ya mikoa na hata ya nchi, ili kundi la watu lisiuawe kwa sababu tu ni kundi hilo.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuhadithiwa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Baada ya msiba ule, nchi za Maziwa Makuu zilitia saini mkataba jijini Nairobi, Desemba 2006, zikaahidi pamoja na mengine kuzuia mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya binadamu. Mwaka 2012 Tanzania ilizindua kamati yake ya kitaifa ya kazi hiyo. Ni hatua njema. Lakini kamati za namna hiyo hukaa mijini, na uovu huu huanzia kitongojini.

Wakati mkataba ule ukitiwa saini, kwetu lilikuwa linaanza jambo jingine. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa Shinyanga, Mwanza na Kagera, na katika maeneo ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Geita. Hatusemi kwamba haya ni sawa na ya Rwanda. Idadi ni tofauti na sheria inayaita kwa jina jingine. Tunachosema ni kwamba njia inafanana. Kwanza kundi linapewa jina la kitu. Kwetu mtu mwenye ualbino aliitwa "dili", na alipopita barabarani vijana walilitamka neno hilo huku wakicheka. Tena ilisemwa tangu zamani kwamba zeruzeru hafi, bali hupotea. Anayeambiwa kwamba mtu fulani hafi hujiona hana cha kuua.

Kisha huja biashara. Mchimbaji aliyekaa miezi kwenye shimo bila kuona dhahabu, huku akidaiwa chakula na mafuta ya mashine, huenda kwa mganga. Mganga humwambia kiungo cha mtu kitavuta mali. Anatafutwa mtu wa kati, na mtu wa kati anamtafuta anayejua mtoto analala chumba gani na baba amesafiri lini. Huyo wa mwisho, mara nyingi mno, ni jirani au ndugu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba habari za mapema haziko polisi, wala wilayani. Ziko kwenye jumuiya ndogondogo, kisimani na kilabuni.

Serikali haikukaa kimya. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Machi mwaka huohuo wananchi wakapiga kura za siri kutaja wanaowashuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Kura zile zilikuwa na kasoro moja kubwa kwa maoni yetu: karatasi ya siri inaweza kubeba ukweli, na inaweza kubeba chuki ya mpaka wa shamba. Kutaja jina bila ushahidi ni dawa inayofanana sana na ugonjwa. Wazee wanakumbuka kwamba hata sungusungu, walioanza miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe huku Kahama na Nzega, baadhi yao waligeuka kuwafukuza akina mama walioitwa wachawi.

Nao vikongwe hao bado wako hatarini. Bibi aliyepika maisha yake yote kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ana macho mekundu kwa sababu ya moshi. Mwenye ugomvi wa urithi huyaona macho hayo akapata hoja. (Jiko sanifu si mradi wa mazingira peke yake, wafadhili watuelewe.)

Tunapaswa pia kusema wazi kuhusu kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini. Watoto wenye ualbino walikimbiziwa huko, na kufikia mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 200. Walipona, na tunamshukuru Mungu. Lakini wengine walikaa miaka bila kuwaona wazazi wao, na kijijini kukabaki vilevile. Picha ya bweni jipya hupendeza kwenye taarifa ya mwaka. Nauli ya katekista kumtembelea mama mmoja kila wiki haina picha, nayo ndiyo tunayoiomba zaidi.

Kuhusu mipaka, wenzetu wa Burundi wana la kutufundisha. Huko Ruyigi, ambako viungo vya waliouawa vilisemekana kuletwa kuuzwa upande wetu, mwendesha mashtaka wa mkoa aliwapokea watu wenye ualbino nyumbani kwake, na Julai 2009 mahakama ya huko ikawatia hatiani washtakiwa kadhaa. Muuzaji alivuka mpaka kirahisi kuliko habari. Kama parokia ya Ngara na ya Ruyigi zingekuwa zinapigiana simu tangu mwanzo, huenda mambo yangekuwa mengine.

Na mtu asidhani yamekwisha. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato na kuuawa. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili aliuawa Muleba, na miongoni mwa walioshtakiwa walikuwemo mzazi na mtumishi wa kanisa. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Ila tangu hapo hatuwezi kuwafundisha wengine kana kwamba sisi tuko nje ya jambo hili.

Kamati zitakazotumia makala hii zijadili haya, bila haraka. Je, mnazijua kaya zote zenye mtu mwenye ualbino au bibi anayeishi peke yake katika eneo lenu, na nani huzitembelea? Mgeni akianza kuuliza habari za mtoto fulani, mama ampigie nani usiku huohuo, na namba ya mtendaji wa kata na ya polisi anayo? Shahidi akiitwa mahakamani Kahama au Mwanza, nauli na malazi yatatoka mfuko upi? Imamu wa jirani na mwenyekiti wa wachimbaji mmeshawahi kukaa nao meza moja? Majibu myaandike na kuyaleta kwenye mkutano wa dekania, pamoja na yale mliyoshindwa kuyajibu.