Fundi na Mitungi Miwili

Huko Mbeya na Iringa fundi wa kuunga vyuma hutumia mitungi miwili, mmoja wa oksijeni, mmoja wa asetilini. Juu ya kila mtungi hufungwa regyuleta, chombo cha kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia katika mpira.

Mjinga, akiona nati ya oksijeni inavuja, huipaka mafuta ili aizibe. Hilo ni kosa la kuua. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huzidisha moto mno. Na mafuta yakikutana nayo ingali na nguvu nyingi, huweza kuwaka ghafula hata pasipo cheche.

Fundi mwenye busara hufanyaje? Kwanza huufunga mtungi. Hunawa mikono, hupangusa kiungo kwa kitambaa safi kikavu, kisha hukaza nati kwa spana: ya oksijeni kwa kulia, ya asetilini kwa kushoto, zisipate kubadilishwa. Hufungua gesi polepole, akapaka maji ya sabuni isiyo na mafuta. Mapovu yakitokea, gesi ingali inavuja. Basi hufunga tena na kutengeneza. Kamwe hajaribu kwa kiberiti.

Kumbukeni, watoto: kizibacho ni usafi na kukaza, wala si mafuta.