Umehamia Nakuru na Watoto Unawasomesha Nyumbani: Sheria Inasemaje?

Mzazi anayewafundisha watoto wake nyumbani akihamia Nakuru kutoka Nairobi, Kakamega au Mombasa, jambo la kwanza analouliza ni kama kaunti hii inaruhusu. Swali hilo lina maana kwa aliyewahi kuishi Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake. Texas huihesabu nyumba inayosomesha watoto kama shule ya binafsi, wala haimdai mzazi ajisajili popote. New York humtaka apeleke ilani kila mwaka, mpango wa masomo, kisha ripoti kila baada ya miezi michache. Mkenya aliyerudi kutoka huko na kujenga Kiamunyi au Njoro huja na mazoea hayo, akidhani kuna fomu fulani mjini inayomsubiri.

Fomu hiyo haipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeigawa kazi ya elimu waziwazi. Serikali ya kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto wadogo. Sera, mtaala, viwango na mitihani, pamoja na shule za msingi na za upili, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo usipoteze nauli kwenda kwa gavana au kwa MCA kuomba kibali. Sheria inayokuhusu ni ileile kutoka Naivasha hadi Kuresoi, na ndiyo iliyokuhusu ulikotoka.

Sheria hiyo ni ya Elimu ya Msingi, ya mwaka 2013. Kifungu cha 30 kinamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule bila kukosa, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh30,000, kufungwa jela muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazazi wengi wanaosomesha nyumbani huegemea yale maneno kuhusu taasisi nyingine, wakisema nyumba yao ni mojawapo. Lakini sheria inataka taasisi hiyo iwe imeidhinishwa. Mpaka waziri atoe kanuni zinazoitaja nyumba kuwa mahali pa elimu ya msingi, sebule yako haihesabiki kuwa shule, hata kama mtoto wako anasoma kuliko wenzake wote mtaani.

Jambo hili limeshafika kortini. Mwaka 2019 baba mmoja wa Kaunti ya Kakamega alikamatwa kwa sababu watoto wake walikuwa wakisomea nyumbani. Yeye na mwenzake wakapeleka ombi katika Mahakama Kuu, Nairobi, wakitaka vifungu vya 28 na 30 vya sheria hiyo vitangazwe kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwanyima wazazi haki ya kuchagua elimu ya wana wao. Kesi ikiwa bado inaendelea, korona ikaja, shule zikafungwa Machi 2020, na watoto wa Kenya nzima wakawa wanasomea nyumbani kwa redio, simu na vitabu vya kaka zao. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021. Baadaye mwaka huohuo Jaji James Makau alilitupa ombi hilo na kusema vifungu hivyo havivunji Katiba. Uamuzi wa Mahakama Kuu hufuatwa na mahakama za mahakimu kote nchini, kwa hivyo hakimu wa Nakuru, Molo au Naivasha ataufuata.

Mimi naona serikali inakosea kuliacha jambo hili mikononi mwa polisi. Wazazi hawa hawajawatelekeza watoto wao. Wengi wamenunua vitabu na wamejinyima ili wakae na wanao mezani kila asubuhi. Kanuni zinazoeleza ni nani anaweza kufundisha nyumbani, akaguliwe na nani na mtoto apimwe vipi zingemlinda mtoto kuliko pingu. Lakini maoni yangu hayatakuokoa mbele ya hakimu, ndiyo maana nakueleza sheria ilivyo leo.

Kwa kawaida mambo huanza kwa chifu au mzee wa nyumba kumi. Umehamia Lanet au Rongai, majirani wanaona watoto wako uani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, na habari inafika. Chifu akikuita, nenda. Jibu kwa heshima na umwonyeshe kazi za watoto. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, na kuachiliwa kwa dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kukuzuia. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma. Ikiwa huna uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu kama wewe.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni. Familia nne au tano zikichanga pesa, zikakodi chumba na kumwajiri mtu awafundishe watoto wao pamoja, hapo mmeanzisha shule. Sheria inakataza kutoa elimu ya msingi bila usajili, na anayefundisha anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Kundi la namna hiyo liko hatarini zaidi kuliko mama mmoja na wanawe wawili.

Lakini linalonitia wasiwasi kuliko faini na korti ni mitihani. Zamani mtoto angeweza kuokolewa na KCPE, mtihani wa darasa la nane wa siku chache, lakini ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa nafasi ya mtoto katika sekondari ya juu huhesabiwa kwa vipande: KPSEA ya gredi ya sita asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na KJSEA ya gredi ya tisa asilimia 60. Tathmini za shuleni hufanywa na walimu wake na alama kupelekwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, kupitia shule. Ambaye hayuko katika daftari la shule yoyote hana alama hizo, na huwezi kuzitafuta wiki mbili kabla ya mtihani. Wanaotumia mtaala wa Cambridge hufanya IGCSE kama watahiniwa binafsi, lakini KNEC italazimika kukilinganisha cheti hicho na cha Kenya mtoto atakapotaka kuendelea na masomo katika mfumo wetu.

Ukiamua kumpeleka mtoto shule, una haki zako mlangoni. Shule ya umma haina ruhusa ya kudai pesa ili impe mtoto nafasi. Haina ruhusa ya kumfanyisha mtihani wa kumchuja. Inaweza kumpima tu ili ijue kiwango kinachomfaa. Hapo ndipo madaftari ya nyumbani yanapofaa. Mwalimu mkuu akiona hesabu za sehemu na insha zenye tarehe, masahihisho ya kalamu nyekundu na orodha ya vitabu alivyosoma, hatakuwa na sababu ya kumrudisha nyuma gredi mbili kwa kuwa tu hana ripoti ya shule. Beba pia cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto aliwahi kusajiliwa shuleni kabla ya kuanza kusomea nyumbani, beba namba yake ya utambulisho, UPI, na uombe shule ya zamani imwachilie katika mfumo wa kidijitali wa wizara, la sivyo shule mpya haitaweza kumwingiza. Ada nyingine zilizoidhinishwa zinaweza kutozwa, lakini mtoto hafukuzwi kwa kushindwa kuzilipa, na kwa kila shilingi unayotoa lazima upewe risiti rasmi.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha uende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo unakoishi. Ngazi ya juu yake ni Bodi ya Elimu ya Kaunti, na uamuzi wa bodi unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama Maalumu ya Rufaa za Elimu. Kwa mtoto mwenye ulemavu au ugonjwa unaomzuia kutoka nyumbani, anzia afisi ya mkurugenzi: omba apimwe na apangiwe masomo yanayomfaa, na uhakikishe mpango huo umeandikwa na umepigwa muhuri.

Ikiwa una mtoto wa gredi ya tano au ya sita anayesomea nyumbani, usingoje muhula mwingine. Nenda kwenye afisi ya mkurugenzi wa elimu wiki hii ukiwa na madaftari yake mkononi, kabla usajili wa KPSEA haujafungwa.