Prado ya Kilomita 300,000: Ikaguliwe Nini?

Swali: Msomaji amepata Prado ya dizeli ya mwaka 2005, injini ya 1KD, iliyotembea kilomita 300,000. Akague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Aanze kukagua injini ikiwa baridi. Mlio wa kugonga na moshi mweupe mara inapowashwa huashiria nozeli zilizochoka. Washa za shaba za nozeli zikivuja, masizi huchanganyika na oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampo. Injini hukosa oili, ikafa.

Mkanda wa taimingi usio na risiti uhesabiwe haujabadilishwa.

Aingie chini ya gari agongegonge chesisi kutafuta kutu. Kisha, kwenye barabara ya vumbi, ajaribu gia nzito na loki ya difu ya kati.

Muuzaji akimkataza fundi kufungua sampo, aachiwe gari lake.