Sproketi ya Mbele na Kranki Yake: Maswali kwa Fundi

Swali: Nina baiskeli ya milimani iliyokwisha tumika, yenye sproketi tatu mbele, za meno 44, 32 na 22. Nataka nibaki na moja tu. Je, nibadilishe kranki nzima?

Jibu: Si lazima, bwana. Aghalabu kranki ya namna hiyo ina matawi manne yanayoshika sproketi mbili za nje kwa bolti nne, zilizopangwa katika duara ambalo kipenyo chake ni milimita 104, hali ile ndogo ya ndani ina duara lake la milimita 64. Basi ukiziondoa kubwa na ndogo, ukatia moja mpya mahali pa ile ya kati, kranki itaendelea kukutumikia, kwa sharti kwamba ununue na bolti fupi. Maana zile za zamani zilikusudiwa kubana sproketi mbili, na zikipewa moja hufika mwisho wa kukazwa ilhali sproketi ingali inacheza.

Swali: Nitathibitishaje kuwa duara ni la 104?

Jibu: Usitosheke na kauli ya muuzaji. Chukua rula upime kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 73.5, zidisha kwa 1.414, nayo ni 104. Kisha pima na nafasi inayofuata, kwani zipo kranki za Shimano za duara la 96 ambazo nafasi zake zimetofautishwa makusudi, na sproketi ya 104 haiingii humo hata kwa nyundo. Nyundo nimeiona ikijaribiwa.

Swali: Sproketi yoyote ya meno 32 itafaa?

Jibu: La. Ile yako ya kati ilichongwa ili iiachie cheni ihame upesi, na ikiwa peke yake itaiachia hata usipotaka. Tafuta yenye jino nene likifuatiwa na jembamba, mtindo ulioenea milimani tangu kampuni ya SRAM ilipotoa mfumo wake wa XX1 mwaka 2012. Pingili za cheni nazo hupokezana, moja pana na moja finyu. Ndiyo sababu hesabu ya meno hayo sharti iwe shufwa, wala haiwi witiri.

Swali: Na kukaa sambamba kwa cheni?

Jibu: Hupimwa kutoka katikati ya fremu hadi kwenye meno. Mahali pa sproketi yako ya kati ni kama milimita 50, panafaa. Taabu huwapata wenye fremu mpya ambazo hubu yake ya nyuma ina upana wa milimita 148, kwani hizo hutaka 52 au zaidi. Sproketi za SRAM zinazofungwa kwa skrubu tatu moja kwa moja juu ya kranki huuzwa zikiwa zimepinda ndani milimita 6 au 3, na fremu hizo pana hutaka ya 3.

Swali: Urefu wa kranki je?

Jibu: Milimita 170 au 175, kwa kadiri ya miguu yako. Sproketi haiujali.

Swali: Basi ninunue?

Jibu: Subiri, bwana. Kwa sproketi ya meno 22 mbele na 34 nyuma, pedeli zikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara 0.65, na hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa ikikupandisha mlima. Kwa 32 mbele na 34 ile ile nyuma, huwa 0.94, na kila mwinuko utakuona umeshuka unasukuma. Ili uirudishie miguu yako wepesi wa awali, nyuma panahitaji meno 50, yaani kaseti mpya, cheni yake, na chombo cha kuhamishia cheni chenye mkono mrefu wa kuimeza, vitu ambavyo jumla yake hupita mbali thamani ya sproketi unayoitamani. Hesabu kwanza meno ya nyuma. Ikiwa kubwa kuliko zote ni ya 34 na fedha ya kaseti haipo, baki na sproketi zako tatu.